Mfaa Uliotiwa Kiraka

Alikuwa akigonga kila kitu. Papai kabla ya kulimenya, mtungi kabla ya kuteka maji, ukuta wa nyumba aliyokaribishwa chai, na mara nyingine kichwa cha mtoto aliyepita karibu. Aligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara moja tu, halafu akatega sikio kama mtu anayengoja kujibiwa. Kwetu Bagamoyo mafundi ni wengi, wa majumba, wa cherehani, wa baiskeli, lakini ukisema "Fundi" basi, bila kuongeza wa nini, watu walijua unamsema yeye: seremala wa milango, jirani yetu ukuta kwa ukuta.

"Ngapi?" alikuuliza ukisimama karibu na kazi yake.

Alitaka kujua umesikia sauti ngapi. Kiungo cha mbao kilichoshika vizuri, ukikigonga, hutoa sauti moja. Kisichoshika hutoa mbili, na ile ya pili ni ndogo, imejificha nyuma ya mwenzake kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Mimi nilijua kuzisikia kabla sijajua kusoma. Na kusoma kwenyewe sikufika mbali, darasa la nne basi, kwa hiyo asitafute mtu maneno makubwa humu. Naandika kwa sababu nampenda, na kwa sababu habari yake hunichekesha hata nikiwa peke yangu.

Misemo yake ilikuwa ya kwake, sijaisikia kwa mtu mwingine. "Pima ukiwa umeshiba," alisema, "mwenye njaa hufupisha ubao." Na wakipita mafundi vijana wenye makopo ya misumari: "Msumari ni kukiri umeshindwa." Yeye alichonga vijiti vya mti mgumu akavipigilia kwenye viungo, na milango yake hailii mpaka leo. Ukimshukuru siku ya kumaliza kazi alikukatiza: "Nishukuru masika yakipita." Maana mbao hunywa mvua zikavimba, na hapo ndipo kazi mbaya hujitangaza.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Huyo mkali wa pembe, aliyeweza kuubomoa mlango mzima kwa sababu umeinama unene wa ukucha, kofia yake mwenyewe ilikaa upande siku zote. Alishika patasi kutwa bila hofu, na sindano akiiona anatoka jasho. Nilipomcheka alinijibu, "Patasi naishika mimi. Sindano anaishika mtu mwingine." Mji mzima ulimwogopa kwa ulimi, kuanzia liwali hadi wauza samaki, ila mbele ya dada yake mkubwa, Bi Tatu, alikuwa kondoo. Bi Tatu ndiye aliyemlea. Akisema kaa, anakaa. Akisema huo moto, anaamini.

Nami alinitania bila huruma, kwa kuwa niliwahi kumwambia nataka kuwa nesi. "Nesi wa makuti," aliniita. "Hodi kwa nesi wa makuti! Njoo unitazame kidole, nimejichoma na kibanzi." Nikija kweli na kitambaa changu, alinyoosha kidole akatulia kama mgonjwa wa heshima, wala hakucheka mpaka nimalize kukifunga.

Sasa nieleze habari ya mlango wetu.

Baba yangu alipokuwa mahututi, Fundi alimwahidi: "Mlango wa nyumba hii nitautia mimi." Baada ya arobaini akaanza. Akaweka miimo ya pande mbili na kizingiti, akachonga mbao mbili za mlango, kulia na kushoto, zenye maua ya mduara ambayo mama alikuwa akiyapitisha kidole kila akifagia. Kilichobaki ni mfaa. Kwa asiyejua milango ya pwani, mfaa ni ule ubao mrefu mwembamba wa katikati, unaosimama juu ya ufa ambapo mbao mbili hukutana. Bila mfaa mlango una mbao, lakini hauna mgongo. Upepo ukija, mbao zinafunguka kila mmoja upande wake.

Mti wa mfaa alikwisha kuuchagua, kipande cha mvule kilicholetwa na lori kutoka upande wa Msata. Aliugonga, akacheka peke yake, akausimamisha ukutani kwake uzidi kukauka. Kisha mgongo wake mwenyewe ukamshika.

Mwanzo alisema ni uchovu. Halafu katikati ya mgongo pakatokeza kinundu, kidogo kama limau, akaanza kuinama mbele. Bi Tatu alimkanda kwa maji moto na mafuta ya nazi, maumivu yakazidi. Tukaja kusikia kandambili ya kushoto ikiburuzika uani, shwaa, shwaa, na kila mwezi ikiburuzika zaidi. Patasi ikamshinda, maana hakuweza kusimama penye kazi muda wa kuchemsha chai. Mlango wetu ukabaki umeegemea ukuta, na mlangoni tukatundika mkeka. Fundi mwingine alikuja kumwambia mama ataumaliza kwa siku mbili tu. Mama akamjibu, "Mlango una mwenyewe. Nitangoja."

Hatimaye tukampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam: Bi Tatu, yeye, na mimi, kwa kuwa nilijua kusoma vibao vya milangoni. Barabara ya Bunju ilikuwa imekatika na mvua, lori likazama nasi topeni mara mbili. Fundi alilala juu ya magunia akiuma ncha ya kofia yake.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu. Alimkalisha, akasimama nyuma yake, akaanza kuugonga mgongo kwa ngumi, polepole, pingili moja baada ya nyingine kutoka shingoni kushuka. Gu. Gu. Gu. Alipofika kwenye kinundu, Fundi aliruka akatoa ukelele. Daktari akatikisa kichwa. Fundi, machozi yanamtiririka, akanigeukia akaninong'oneza kwa furaha kabisa:

"Huyu fundi mwenzangu. Amesikia mbili!"

Aliyetufasiria alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kijana mnene mwenye sauti nzuri, Mnyamwezi wa Tabora. Akaeleza kuwa kifua kikuu si cha kifua tu, huingia hata mifupani, na hapa kimezila pingili mbili kama mchwa anavyokula nguzo. Sindano zitaua ugonjwa, lakini pingili zilizoliwa zitaendelea kuporomoka mpaka zibane mishipa ya miguu. Dawa ni kuzifunga ziwe mfupa mmoja. Daktari atapasua vile vijinundu vya nyuma ya mgongo, afanye mfereji, alaze ndani yake kipande cha mfupa. Kwingine, alisema, wapo madaktari wanaotumia mfupa wa mtu mwingine uliowekwa kwenye barafu, wapo waliojaribu hata wa ng'ombe uliochemshwa. Yeye anauamini wa mgonjwa mwenyewe. Ataukata kwenye muundi, mbele ya mguu. Na asikawie, kwani miguu ikishakufa kabisa hakuna wa kuahidi kitu.

Fundi alisikiliza kama mtu anayepewa vipimo. Akauliza swali moja tu: "Anatumia misumari?"

Dresa akauliza, akajibiwa. "Hapana. Uzi wa hariri."

"Basi nimekubali."

Hapo ndipo dresa, akiandika kwenye karatasi, alipouliza, "Kabila, mzee?"

"Mzaramo."

Dresa akaweka kalamu chini, uso wote ukamng'aa. "Alaa! Mtani wangu! Mbona hukusema mapema? Basi muundi wako tusiusumbue. Tutakutilia mfupa wa punda. Mzaramo na punda, nani atajua tofauti?"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Heri punda kuliko Mnyamwezi! Punda ukimtwika mzigo, angalau hukataa!"

Utani wa makabila haya mawili ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo hadi pwani kwetu, na Bi Tatu aliujua kuliko sisi sote. Misibani kwao watani walikuja kulala kaburini wakidai sanda, naye akiwarushia majivu. Lakini siku ile aliingia na birika la chai katikati ya maneno, akamwona mtu wa koti jeupe, kalamu mkononi, akisema mfupa wa punda. Na kwa Bi Tatu, mtu wa koti jeupe ni Serikali, na Serikali haina watani. Likisemwa hospitalini limekwisha kuandikwa.

"Punda?" akasema. "Ndugu yangu asimame mbele ya Mola wake na punda mgongoni?"

"Dada, ni mta—"

"Nyamaza! Vaa shati."

Akavaa. Nilimwambia Bi Tatu, nikamsihi, nikashika hata ncha ya buibui lake. Akanitazama kama nimelipwa. Dresa alitufuata mpaka nje akisema, "Mama, ilikuwa utani, mama," na kadiri alivyoapa ndivyo Bi Tatu alivyozidi kukaza mwendo. Jioni ile tulikuwa juu ya lori tena. Tulipovuka mto Mpiji, Fundi akanambia chinichini, "Ningekuwa na miguu ningekimbia. Ila kwa dada ningerudi."

Siku zilizofuata sizipendi kuzikumbuka, nitazipita upesi. Kandambili haikusikika tena. Alitambaa kwa kuusukuma mbele yake ubao mdogo, mikono ikifanya kazi ya miguu. Siku ya kumi na tatu alishindwa kuusogeza mguu wa kushoto hata kidole, na mchana ule niliketi nikamwandikia dresa barua, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, kurasa tatu, na matone mawili ambayo hayakuwa wino.

Akaja. Jumapili asubuhi, kwa lori la nazi, amevaa kanzu na kofia ya lasi. Bi Tatu alikuwa uani anachoma vitumbua. Dresa hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja, akajikalia juu ya mkeka wake, akachukua kitumbua cha moto kwenye sahani, akatia mdomoni.

"We mwizi!" Bi Tatu akashika mwiko. "Nani kakuruhusu?"

"Mtani haombi, mama." Akachukua cha pili. "Na hivi havina sukari. Wazaramo mnakula huzuni."

Bi Tatu aliinua mwiko juu, ukabaki hukohuko. Alimtazama kanzu, akamtazama mashavu yaliyojaa, akamtazama mkono ukienda kwenye kitumbua cha tatu. Mwizi wa namna ile anajulikana. Taratibu akaushusha mwiko.

"Kumbe wewe ni mtu," akasema.

"Nilikuwa mtu hata ndani ya koti, mama. Nisamehe. Nilisahau kulivua kabla ya kutania."

Akanyanyua kanzu, akamwonyesha muundi wake mwenyewe, akaupitisha kidole mahali ambapo mfupa hukatwa. Bi Tatu akasikiliza, lakini bado anaguna. Mfupa utoke mguuni uende mgongoni? Utajuaje kwake? Na ukishafika huko utashikaje?

Ndipo Fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasema, "Nileteeni mfaa wa jirani."

Mimi na dresa tukautoa pale ukutani ule wetu, tukaulaza juu ya mkeka. Aliomba msumeno. Mama yangu alikuwa amechungulia kwenye ua, na alipoona meno ya msumeno yanagusa ule mvule alioungoja mwaka na zaidi, alishika mdomo. Fundi akaukata katikati mpaka karibu ya kupita, akaukandamiza, ukavunjika kwa kishindo.

"Huu ni mimi," akasema.

Akachukua patasi. Alikuwa amekaa chini, amejipinda, anatweta, na bado patasi haikupotea mstari. Akachimba mfereji mwembamba juu ya pale palipovunjika, nyuzi za mti zikielekea upande mmoja. Kisha akauendea mwisho wa mfaa uleule, akachonga hapo kipande chembamba. "Muundi," akasema. Akakilaza ndani ya mfereji. Kiliingia kwa kubisha kidogo, kama mtu anayeingia kwa wakwe.

"Kiraka cha mti mwingine," akamwambia dada yake, "hukauka kwa saa yake na huvimba kwa saa yake. Siku moja kitautema mfereji. Hiki kimezaliwa humuhumu. Masika yakija watanywa maji pamoja." Akapaka gundi. "Ubao ni maiti, hutaka gundi. Mfupa wangu u hai, Dada. Utatoa gundi wenyewe. Gonga."

Bi Tatu akagonga.

"Ngapi?"

"Mbili," akasema, kwa uchungu.

"Ndiyo. Bado haijashika. Ngoja kesho."

Dresa alilala kwetu. Kulipokucha Bi Tatu alitangulia wote uani, hajanywa hata chai. Akachuchumaa, akaugonga mfaa, akatega sikio. Akagonga tena, mara ya tatu, mara ya nne. Aliponyanyua uso tulijua.

"Moja," akasema. Kisha akamgeukia dresa, "Mchukue. Na ukimtilia punda nitakuja Tabora kwa miguu."

Alipasuliwa wiki ileile. Kabla hajaondoka alimwambia mama kuwa mfaa ukae kwetu, na nisimame niugonge kila Ijumaa. "Ukitoa mbili," alisema, "chongeni mwingine, na mimi mnichongee jeneza." Mama alimwambia aache upuuzi, apande lori.

Miezi alilala chali ndani ya gamba la plasta, kutoka kwapani hadi nyonga, na mguu uliotolewa mfupa una gamba lake. Dresa aliniandikia kwa niaba yake. "Nimekuwa kobe," ilisema barua ya kwanza. "Sindano ni nyingi. Nimepiga kelele kwa zote, wasije wakadhani nimezoea." Barua ya pili ilikuwa ya aibu ya Bi Tatu. Alikuwa amekwenda kumtazama, akahisi lile gamba linamkausha ndugu yake, akammiminia humo mafuta ya nazi, chupa nzima, kwa mapenzi. Kesho yake siafu waliingia kwa mstari kama wanaokwenda kuswali. Plasta ikakatwa, wakafukuzwa, ikafungwa nyingine, na daktari mwenye masikio mekundu akawa mwekundu mpaka shingoni. Sisi tulisoma barua ile tukicheka na kulia, kwa sababu hatukujua kama kiraka kilitikisika.

Kila Ijumaa niligonga. Moja. Masika yakaingia, mvua ikapiga mkeka wetu wa mlangoni mpaka ukaoza, tukatundika mwingine. Mbao zote za nyumba zikavimba, kabati halikufunguka. Nikagonga mfaa kwa woga. Moja. Mama akaacha kuniuliza. Alisimama tu nyuma yangu na ufagio, akisubiri niteremshe mabega.

Akarudi siku ya jua kali. Tulisikia lori, tukasikia watoto, halafu nikasikia kandambili. Hazikuburuzika. Pa, pa, pa, pa. Alikuja katikati ya njia amenyooka kama mtu aliyemeza mwimo, mnene kidogo kwa uji wa hospitali, kofia upande. Kwapani alikuwa na bahasha ya picha ya mifupa, ambayo daktari alimpa baada ya kuombwa mara saba. Akaisimamisha kwenye jua tukaona wote: pingili zilizoliwa, na nyuma yake mstari mweupe uliozishika pamoja, hakuna ufa.

"Kiraka changu hicho," akawaambia watu waliojaa njiani, "mti wa nyumbani." Bi Tatu alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kaole.

Alikatazwa kuinama na kubeba vizito. Kwa hiyo akainua meza yake ya kazi juu ya matofali hadi kifuani, akachonga amesimama wima, na kila mtu akasema kazi yake imezidi uzuri, kwa sababu sasa alikuwa anaitazama usoni. Mfaa wetu aliuchonga maua kutoka juu hadi chini. Penye kiraka hakuchonga kitu. Mama alipouliza kwa nini asipafiche, akamwambia, "Hapo ndipo pazuri." Vijana wawili wakainua mbao, yeye akaamrisha na kutukana, ila mfaa aliupachika kwa mkono wake. Mkeka ukatolewa. Mlango ukafungwa kwa mara ya kwanza, nyumba ikawa giza na baridi na yetu. Mama akafungua kinywa.

"Masika yakipita," Fundi akamwahi.

Yalipita. Asubuhi moja mama alivaa kanga mpya, akapika pilau, akabeba sinia kichwani hadi nyumba ya pili akasema, "Asante, Fundi." Fundi akapokea safari hiyo. Alilia mpaka pilau ikapoa.

Nilimwona hivi karibuni, siku niliyoondoka. Nimepata nafasi ya kujifunza unesi kulekule Dar es Salaam, na dresa, ambaye sasa ni mkubwa wa wodi, ndiye aliyenitafutia fomu. Nilikwenda kuaga na kisanduku changu mkononi. Lori lilikuwa sokoni likipiga honi. Fundi alikuwa kazini, anachonga mlango wa mtu, mgongo kwangu.

"Shikamoo, Fundi. Nakwenda."

"Marahaba. Hujaenda. Weka kisanduku, nesi wa makuti, uanze kazi." Akavua shati bila kugeuka. Katikati ya mgongo kovu refu limelala juu ya kinundu, limenyooka kama alilipigia mstari mwenyewe. "Gonga."

"Fundi, nitakuumiza."

"Kama nitaumia bora nijue kwako kuliko kwa Mnyamwezi."

Nikakunja kidole. Nikaanza shingoni, kama nilivyomwona daktari, nikashuka pingili moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye kovu niliukaza mkono, nikapiga kwa nguvu kama ninavyopiga mfaa wetu. Hakuruka. Hakutikisika hata kofia. Nikainamisha sikio.

"Ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Basi nenda," akasema, akiokota patasi. "Lori litakuacha."